Saa ya Mbao na Kanuni ya Nne

Chumba cha zana kilikuwa mwisho wa korido, kati ya bomba la maji na darasa la tatu, na mlinzi wake alikuwa mama mmoja ambaye shule nzima ilimwita Mama Funguo. Jina hilo hakulichukia. Funguo zenyewe zilikuwa tisa, zimetungwa kwenye utepe wa bluu aliouvaa shingoni, na alipotembea zililia cheke cheke, hata watoto waliokuwa wakisukumana bombani wakapanga mstari kabla hajafika.

Zamani alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Miaka ishirini na miwili aliwafundisha watoto kushika penseli, mpaka koo likamgomea. Sauti ikawa inakatika katikati ya neno. Daktari akamwambia apumzishe koo, na mwalimu mkuu wa enzi hizo, mtu wa huruma, hakutaka kumrudisha nyumbani. Akamfungulia chumba kilichojaa vumbi na kumwambia, "Mwalimu, humu hakuna wa kumpigia kelele isipokuwa panya."

Panya hawakumaliza wiki. Mama Funguo alifagia, akasugua, akafungua madirisha. Mume wake, ambaye kila mtu alimwita Fundi kwa sababu ya useremala wake, akamtengenezea rafu kutoka sakafuni hadi darini bila kudai hata asante. Kila kitu kikapata mahali pake: mizani ya sahani mbili, tufe la dunia, sumaku, vikombe vya kupimia, vibao vya nusu na robo, mifuko ya kadi za maneno, na mifupa ya plastiki ya mtu mzima, iliyokosa mguu mmoja, ambayo watoto waliiita Bwana Mwembamba. Na juu ya yote, kwenye rafu iliyo mbele ya mlango, ilikaa saa ya mbao ya kufundishia. Ilikuwa kubwa kama sinia, namba zake zimechongwa kwa patasi, na mishale yake ilikuwa ya shaba. Fundi aliichonga kwa mikono yake mwaka ule ule.

Mlangoni palibandikwa kanuni, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu wa darasa la kwanza. Ya kwanza, nawa mikono. Ya pili, andika daftarini. Ya tatu, rudisha kabla ya kengele. Kanuni ya nne iliongezwa baadaye, mwaka ambao mtu alirudisha ramani kubwa ikiwa na doa la chai. Siku hiyo Mama Funguo alijifungia ndani akalia, kisha akafuta machozi, akachukua kalamu nyekundu, akaandika: ANAYEHARIBU HAAZIMI TENA.

Hiyo ilikuwa miaka minane iliyopita. Tangu hapo hakuna kilichoharibika. Chumba kiling'aa, na yeye akihesabu mihula miwili iliyobaki kabla ya kustaafu, alijiona mtu aliyefanya kazi yake.

Jumatatu moja asubuhi, Mwalimu Mkuu akabisha hodi. Shule yote ilikuwa chini yake, lakini mlango ule aliugonga kila mara, kwa kuwa Mama Funguo alimfundisha darasa la kwanza, enzi hizo akiwa mtoto mdogo wa kulamba chaki.

"Hodi, Mama."

"Karibu, mwanangu. Umenawa?"

Mwalimu Mkuu akaitazama mikono yake, akageuka, akaenda bombani, akarudi mikono inachuruzika maji.

"Mama, darasa la tatu wamefika tisini na wawili," akasema. "Wengine wanakaa chini. Ijumaa nilimkuta mmoja anaandikia juu ya mgongo wa mwenzake."

"Nawaona. Mjukuu wangu si yumo?"

"Idara ya elimu inataka tuwagawe mara mbili. Na chumba cha kuwapeleka..." Akaangalia rafu, akaangalia dari, akaangalia viatu vyake. "Chumba ni hiki, Mama. Hatuna kingine."

Mama Funguo akashika utepe wake. "Na vitu vyangu?"

"Vinavyotumika vitabaki shuleni. Visivyotumika, gari la idara litakuja Ijumaa, livipeleke bohari kuu."

Bohari kuu aliijua. Kitu kikiingia kule, watu hukisahau mpaka mchwa wakikumbuke. Mwaka juzi alipeleka huko kabati bovu, akayaona madawati yaliyotangulia yakiwa yameota kuvu nyeupe kama sufi.

"Utajuaje kinachotumika na kisichotumika?"

"Nitaangalia daftari lako," akajibu kwa upole. "Ndilo watakaloliuliza."

Wakalifungua pamoja juu ya meza. Mwaka mzima, vitu viliazimwa mara kumi na moja. Mara nne ni ramani, siku za wazazi, kwa ajili ya kufunika tundu la ukutani. Mara tatu ni mizani, na aliyeiazima alikuwa mpishi wa shule, kupimia unga. Ikumbukwe pia kwamba hakuna aliyenawa mikono vizuri kama mpishi. Mara mbili ni mwalimu aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo, naye alikwisha kuondoka. Mbili zilizobaki zilikuwa za tufe, siku za kupigwa picha, na sahihi ilikuwa ya Mwalimu Mkuu mwenyewe.

Mwalimu Mkuu alilifunga daftari kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

"Bado siku nne, Mama," akasema, akatoka.

Mama Funguo akabaki amekaa. Miaka kumi na tisa ya kufuta, kushona na kugundisha, na Ijumaa yote ingepandishwa garini kama takataka. Kwanza akahuzunika, halafu hasira zikampanda. Walimu wa siku hizi wavivu, alijisemea. Wanaona tabu kutembea hatua kumi. Akapanga kuwapitia mmoja mmoja, awaone wanavyofundisha mikono mitupu, awape maneno yao.

Jumanne akaanzia darasa la tatu, kwa vile lilikuwa jirani. Alizishika funguo kwa kiganja zisilie, akasimama pembeni ya dirisha.

Mwalimu wa hesabu wa darasa hilo alikuwa dada mmoja kijana, mwembamba, aliyekuja mwaka uliopita. Watoto walimwita Mwalimu Kamba, maana hakuingia darasani bila kamba yake. Asubuhi hiyo ilikuwa imetandazwa kutoka mlangoni mpaka ukuta wa nyuma, ikapita juu ya vichwa, chini ya madawati, mikononi mwa watoto tisini na wawili, na kila mmoja ameishika.

"Nani yuko nusu?" Mwalimu Kamba akauliza.

Kelele. Kila mtu alidhani ni yeye. Wakaikunja kamba, ncha ya mlangoni ikatembezwa hadi ncha ya ukutani, na mahali ilipopinda palikuwa mikononi mwa mtoto mnene aliyeruka juu, "Mimi nusu! Mimi nusu!"

"Bahati yake," akasema mwenzake. "Akila chakula cha mchana anakuwa nzima."

Darasa likaangua kicheko, na Mwalimu Kamba akacheka nao, kisha akawatafutisha robo. Mama Funguo akajikuta anatabasamu pale dirishani, akakaza uso haraka.

Baada ya kamba ikaja saa. Ilikuwa kifuniko cha boksi, namba zimeandikwa kwa mkaa, mishale imekatwa kwenye ndala kuukuu, katikati msumari. Msumari ulikuwa umelegea, hivyo kila mshale ulipowekwa ulianguka ukaelekea chini.

"Mwalimu, humu kwetu kila saa ni saa kumi na mbili na nusu!" akapaza sauti mtoto mmoja.

"Mshale umechoka," akajibu Mwalimu Kamba. "Na mimi pia nimechoka kuushika, lakini tutafanyaje?" Akaushika kwa kidole gumba, akaendelea kufundisha hivyo hivyo, mkono mmoja juu, kwa muda wote wa kipindi.

Mama Funguo akarudi chumbani kwake bila kumpa mtu neno lolote. Saa ya mbao ilikuwa pale kwenye rafu, inang'aa. Uvivu alioutafuta hakuuona.

Nyumbani, jioni wakila, akamgeukia mjukuu wake. Mtoto alikuwa na miaka tisa, na babu yake alimwita Bosi kwa jinsi alivyopenda kuwapangia watu kazi.

"Bosi, mwalimu wenu hajui kama kuna chumba cha zana hatua kumi kutoka mlangoni kwake?"

"Anajua."

"Sasa?"

"Anakuogopa, Bibi."

Fundi akapaliwa na maji.

"Ananiogopa mimi? Mtu mzima na akili zake?"

"Siyo yeye peke yake. Mwalimu wa sayansi, yule Profesa, akisikia funguo zako anasimama wima kama sisi." Bosi akasimama kuonyesha, mikono imebana mapajani, macho yamemtoka.

"Kaa ule," akasema bibi yake. "Na hiyo saa ya boksi?"

"Sisi tulimwambia akaazime ya Babu. Akasema ile ni ya kuangalia, hii yetu ni ya kushika. Tena akasema watoto tisini na wawili, lazima mmoja ataiangusha, na ikianguka hataazima kitu tena mpaka anazeeka."

Fundi alikuwa anasugua ukingo wa kikombe chake kwa kidole, kama anavyosugua ubao kutafuta palipokwaruza.

"Ile saa," akasema mwishowe, "ina alama yoyote?"

"Hata mkwaruzo mmoja haina," akajibu mke wake kwa fahari. "Naifuta kila Jumatatu."

"Miaka kumi na tisa?"

"Miaka kumi na tisa, baba watoto."

"Mh." Akaweka kikombe chini. "Unajua kwa nini nilitumia shaba? Uliniambia vidole vya watoto vina nguvu kuliko akili. Nikasema basi mishale nitaiweka ya madini laini, ikipinda nitainyoosha. Nikahifadhi na misumari miwili ya akiba. Iko kwenye kopo, pale karakana. Kila mwaka shule zikifungwa nasema, leo mke wangu ataniletea ile saa imevunjika, niitengeneze." Akacheka kidogo. "Nikadhani labda nilichonga vizuri mno."

Hakusema kwa kulaumu. Hilo ndilo lililomgusa Mama Funguo zaidi: kwamba mtu amengoja miaka yote hiyo na hakuwahi hata siku moja kuuliza.

Jumatano, kengele ya kipindi cha pili ilipolia, aliishusha saa kutoka kwenye rafu, akaikumbatia kifuani, akaenda darasa la tatu.

"Hodi humu."

Watoto tisini na wawili wakasimama. Mwalimu Kamba alificha saa yake ya boksi mgongoni, kama mwanafunzi aliyekamatwa anatafuna darasani.

"Mwalimu, nimekuletea saa," akasema Mama Funguo.

"Mama... asante. Daftari liko wapi nitie sahihi?"

"Daftari limebaki kule. Endelea kufundisha, mwanangu."

Akaenda nyuma ya darasa. Mtoto mmoja aliyekuwa amebanwa na wenzake watano kwenye dawati la watu watatu akainuka, akapangusa nafasi yake kwa mkono wa shati, akamwambia, "Kaa hapa, Bibi, mimi nimeshazoea kusimama." Mama Funguo akakaa.

Saa ikaanza kupita mikononi. Watoto waliizungusha mishale, wakaingiza vidole kwenye namba zilizochongwa, mmoja akainusa. Mama Funguo aliziona alama za vidole zikiongezeka kwenye mbao, akajibana mikono yake katikati ya magoti ili isiende kufuta.

Kisha Mwalimu Kamba akamwita mtoto wa kike aliyekaa karibu na ukuta. Wenzake walimwita Kimya. Tangu mwaka uanze hakuwahi kunyoosha kidole.

"Tuonyeshe saa nne kasorobo."

Kimya akaja mbele. Akaiweka saa juu ya meza, akasogeza mshale mfupi, akafikiri, akausogeza tena kidogo. Akauweka ule mrefu. Ilikuwa sawasawa kabisa. Mwalimu Kamba akapiga makofi, na darasa likapiga makofi, na Kimya, ambaye hakuwahi kupigiwa makofi, akainyanyua saa juu wenzake waione.

Ikamponyoka.

Ilitua sakafuni kwa ubavu, kishindo kikasikika hadi bombani. Mshale mrefu ukaruka ukapotelea chini ya madawati. Kipande cha ukingo, kama ukucha, kikamegeka.

Mwalimu Kamba alishika shavu. Macho ya darasa zima yakamgeukia Mama Funguo, na shingoni mwake funguo zilikuwa zimetulia tuli. Kimya hakulia. Alisimama vile vile, mikono juu, viganja vimeshika hewa mahali ilipokuwa saa.

Maneno ya kusema Mama Funguo alikuwa nayo. Yalikuwa yamebandikwa mlangoni kwake kwa wino mwekundu. Lakini alipoitazama ile mikono iliyobaki hewani, alikumbuka watoto wote wa darasa la kwanza aliowahi kuwafungua vidole kimoja kimoja kutoka kwenye penseli iliyovunjika, kwa kuwa waliikamata kwa nguvu wakitaka kumfurahisha. Hakuwahi kumwambia hata mmoja wao kwamba hataandika tena.

Akainuka. Akaenda mbele, akapiga goti moja, kisha la pili, na magoti yote mawili yakalalamika. Akaiokota saa.

"Mama," akasema, akimtazama Kimya usoni, "kabla haijadondoka, ilikuwa inasema saa ngapi?"

Mtoto akameza mate. "Saa nne kasorobo."

"Mshale mrefu ulikuwa wapi?"

"Kwenye tisa."

"Na huu mfupi uliobaki, mbona haujafika kwenye kumi?"

Kimya akaangalia. Akashusha mikono. "Kwa sababu saa nne yenyewe bado. Imebaki robo. Ikifika, na wenyewe utafika. Inatembea pamoja."

Wiki mbili nzima Mwalimu Kamba alikuwa akilitafuta jibu hilo kwa darasa, na kila mtoto aliuweka mshale mfupi juu ya namba pale pale bila kujua kwamba nao husogea.

"Umesikia, Mwalimu?" akasema Mama Funguo. "Saa imeanguka na mtoto anajua kuisoma hata hivyo. Mimi naona imefanya kazi yake."

"Bibi! Mshale huu hapa, nilikuwa nimeukanyaga!" mtoto mmoja akaita kutoka nyuma, akaunyanyua, na darasa likapumua kwa pamoja.

"Babu ana misumari kwenye kopo!" Bosi akapaza sauti, amesimama juu ya dawati. "Iletwe nyumbani leo leo!"

Mama Funguo akataka kuinuka, magoti yakakataa. Mwalimu Kamba akamshika mkono wa kulia, Kimya akamshika wa kushoto, na kwa pamoja wakamsimamisha. Alipofika mlangoni kwake, alikata karatasi ya kanuni kwa mkasi, chini ya namba tatu, akakikunjakunja kile kipande na kukitumbukiza mfukoni. Jioni Fundi aliipokea saa kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku, akasema tu, "Ahaa," kama mtu aliyepata barua aliyoisubiri. Alitengeneza mshale na kuulainisha ukingo, lakini pengo hakuliziba. Alisema litakuwa mahali pazuri pa kuweka kidole gumba.

Habari shuleni hazina miguu lakini hukimbia. Alhamisi asubuhi, kabla ya kengele, mlango ukagongwa. Alikuwa Profesa, mwalimu wa sayansi, mtu mzima mwenye mvi, mikono imelowa maji.

"Mama Funguo, nina jambo la aibu," akasema. Akatoa leso mfukoni, akaifungua. Ndani mlikuwa na kioo cha kukuzia, kimepasuka katikati, kimegundishwa kwa gundi iliyogeuka njano.

"Hiki!" akashangaa Mama Funguo. "Nilikitafuta mpaka nikakata tamaa!"

"Kiliteleza mkononi mwangu mwaka ule ule wa kanuni ya nne. Nikasoma mlangoni, nikaona heri nikae nacho kwenye droo. Tangu hapo nawaambia watoto wafikirie mguu wa sisimizi." Akakuna kichwa. "Miaka minane, Mama. Wanafikiria tu."

Mama Funguo akacheka mpaka akashika rafu. "Mwenzangu, na mimi nina vingine viwili kama hivi, vizima, vimelala kwenye pamba. Kwa nini hukusema?"

"Ungekuwa wewe, ungesema?"

Akafikiri. "Nisingesema," akakiri.

Nyuma ya Profesa alikuwa amekuja mwalimu wa lugha, aliyekuwa na mfuko wa kadi za maneno uliopungua kadi mbili; zilitafunwa na mwanawe alipokuwa anaota meno. Nyuma yake, mwalimu wa jiografia, ambaye hakuharibu kitu na alisikitika kidogo kwa kukosa cha kuungama.

"Sasa nisikilizeni," akasema Mama Funguo, akavua utepe wa funguo na kuuweka mezani. "Mimi hivi vitu navijua kama wanangu. Nitawaambia kila kimoja kinataka nini."

Akamwonyesha mwalimu wa lugha: usiwaandikie ubaoni wanakili. Mwaga kadi sakafuni, kila mtoto aokote mbili, kisha amtafute mwenzake ambaye kadi zake na zake zinaweza kukaa kwenye sentensi moja. Watapiga kelele, waache. Akamwambia mwalimu wa jiografia: ramani iteremshe ukutani, itandike chini, watoto wavue viatu watembee juu yake, mmoja akisema kaskazini wote waende kaskazini.

"Na hili doa la chai?" akauliza mwalimu wa jiografia, akaona aibu kwa niaba ya aliyeimwaga.

Mama Funguo akalitazama lile doa lililomliza. Lilikuwa la kahawia, limetanda pale ambapo hapakuwa na chochote. "Waambie mtu kachora ziwa mahali ambapo hamna ziwa," akasema. "Wakueleze kwa nini hapo haliwezi kuwapo. Mito iko wapi, milima iko wapi. Watabishana wiki nzima."

Mchana Fundi akaja na msumeno. Zile rafu ndefu alizozipandisha hadi darini akazishusha, akazikata, akazigeuza kuwa rafu fupi za kufika kifuani mwa mtoto, moja kwa kila darasa. Walimu walibeba upande mmoja, watoto upande mwingine, na Bosi akatangulia kuamuru watu wapishe njia. Bwana Mwembamba alihamia darasa la sayansi akiwa amebebwa mgongoni na Profesa, na watoto waliokutana naye koridoni walimwamkia kwa heshima zote.

Ijumaa saa tatu gari la idara likaingia, na vijana wawili wa kupakia wakaruka kutoka nyuma. Mwalimu Mkuu alikuja nao kwa hatua nzito. Hakulala vizuri wiki ile, na Alhamisi yote alikuwa idarani, hakuona kilichofanyika shuleni. Alikuwa ameandaa maneno ya kumfariji mwalimu wake wa darasa la kwanza, na aliyarudia kimoyomoyo hadi mlangoni.

Akabisha hodi, akafungua.

Chumba kilikuwa kitupu. Palikuwa na ufagio, meza moja, kiti kilichovunjika mguu, na Mama Funguo amesimama katikati na daftari lake.

"Mama, vitu viko wapi?"

"Viko kazini," akajibu. "Umenawa?"

Akamtembeza. Kwenye darasa la kwanza vibao vya nusu na robo vilikuwa vinapangwa na kupanguliwa. Kwenye darasa la lugha ilikuwa kama soko, kila mtoto amenyanyua kadi juu, anaita mwenzake. Darasa la sayansi lilikuwa kimya ajabu. Watoto walikuwa wamelala kifudifudi sakafuni, wamezunguka sisimizi, vioo vitatu vya kukuzia vikipita mkono kwa mkono, kimoja kikiwa na gundi ya njano. "Ana vinyweleo!" mmoja akanong'ona, na Profesa, naye amelala pale pale na suruali yake nzuri, akajibu, "Miguuni kabisa. Mnaona?" Mmoja wa vijana wa kupakia akaomba kuona sisimizi, akapewa zamu.

Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni akitazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Niandike nini kwenye fomu yao?" akauliza.

"Andika kiti kimoja. Hicho wachukue."

Gari likaondoka na kiti kimoja.

"Na wewe, Mama?" akamwuliza walipokuwa wanarudi. "Mihula miwili iliyobaki, utakaa wapi?"

"Nitakuwa napita. Madarasa ni mengi, na magoti yangu yanataka mazoezi. Na jambo moja: usinipe daftari jingine."

Jumatatu, nusu ya darasa la tatu walihamia kwenye kile chumba, watoto arobaini na sita, kila mmoja na mahali pa kuweka kiwiko. Mwalimu Kamba alichukua darasa hilo. Mama Funguo alipopita saa nne, aliwakuta wameizunguka mizani, upande mmoja maharage, upande mwingine chochote walichokipata: jiwe, kiatu, kitabu. Saa ya mbao ilikuwa kwenye rafu fupi, na mtu alikuwa ameshaisogeza mishale.

Kimya alikuwa ndiye mshika mizani. Alipomwona akanyoosha kidole juu, kama darasani kunavyotakiwa.

"Bibi, tunaomba funguo zako."

"Za nini, mama?"

"Tuzipime."

Mama Funguo akavua utepe shingoni, akampa. Funguo zikawekwa sahanini, upande ule ukazama, na watoto wakaanza kuongeza maharage moja moja, wakihesabu kwa sauti. Walipofika mia wakaanza kubishana yamebaki mangapi. Kwenye mia mbili na kumi na nne sahani zikasimama sawa, zikitetemeka, na darasa zima likazuia pumzi ili lisizipeperushe.

"Mia mbili na kumi na nne," akasema Kimya, na akasema kwa sauti iliyofika nyuma. Akaandika ubaoni. Kisha akazichukua funguo, akatoka mbio hadi bombani, akanawa, akarudi nazo kwa mwenyewe, mikono inachuruzika.

"Kaa nazo," akasema Mama Funguo. "Utanirudishia kengele ikilia."